Masikio ya Bi Pengo

Mwaka umetimia leo, binti yetu, tangu uliposhuka kwenye ngazi pale ukuta wa shule, ukasema kichwa kinakugonga, ukakaa juu ya ndoo ya rangi na kumtuma mdogo wako akuletee maji. Aliporudi na kikombe ulikuwa umeshaegemea ukuta, macho umefumba. Kikombe kile alikwenda nacho mpaka hospitali, na hakukumbuka kukiweka chini.

Tumekaa sebuleni kwa mama yenu kuandika kumbukumbu hii. Shangazi yako ndiye anayesema, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo. Mumeo ndiye anayeandika, kwa kuwa ndiye mwenye subira. Tulikusudia iwe fupi kama za watu wengine: ulikuwa mpole, ulikuwa mchapakazi, pumzika kwa amani, basi. Mdogo wako akakataa katakata. "Dada aambiwe yote," kasema, "na wanaosoma wasikie. Nilichokifanya nimekifanya." Mama yenu akamwuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba anayo, na kama sisi tunaona aibu tumpe kalamu aandike mwenyewe. Haya, sikiliza basi, maana mwaka huu nyumba yetu ilikuwa na mambo.

Kwanza tukuseme wewe kidogo. Ulikuwa unakula umesimama. Ulikuwa unafutia brashi kwenye gauni ulilovaa, hata liwe jipya, hata liwe la kuazima. Ulimwita kila mtu "mwenzangu": daktari mwenzangu, dereva mwenzangu, na mtoto wa chekechea naye mwenzangu. Na ulikuwa na tabia moja iliyotuchosha sana. Ukizungumza na mtu humtazami usoni, unamtazama masikio. Siku mumeo alipokuja kujitambulisha, tulikuuliza baadaye umemwonaje, ukasema sura hukuishika vizuri, ila sikio lake la kulia limekaa juu kuliko la kushoto. Hapa anapoandika amejishika hilo sikio, anacheka, na karatasi inaloa.

Hiyo tabia uliipata kwa tembo. Ulikuwa ukitoka na afisa wa wanyamapori, yule wa zamani, unapanda juu ya gari lake na daftari lako, mnakaa juani mpaka ngozi inawabanduka, ili uchore masikio tu. Ulitufundisha kwamba kila tembo ana masikio yake na hakuna mwingine aliye nayo: hili limechanika hapa, lile lina tundu pale, mishipa imepita hivi. Ukirudi mjini unamchora ukutani kwa ukubwa wake hasa, mwili kwanza, masikio mwisho. Hukuwahi kuchora tembo wa kubuni. Ulikuwa ukisema tembo wa kubuni hana wa kumsikitikia.

Na watu walibadilika, hilo nani asiyelijua? Zamani tembo alikuwa tembo tu. Akionekana ng'ambo ya mto watu walitafuta mawe, na wenye bunduki walitafuta bunduki. Ulipomchora Cherehani kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, mwenye masikio yaliyotobokatoboka kwa mstari utadhani yameshonwa, wanawake waliokuwa kwenye foleni ya unga walianza kumsalimia. Ulipomchora Mwalimu pale zahanati, aliyetandaza masikio kama anayesubiri jibu, wagonjwa walisahau maumivu wakabishana kama anatabasamu ama hatabasamu. Halafu siku tembo wa kweli alipovuka barabara, mtu akapiga kelele, "Acheni mawe! Huyo ni Cherehani!" Mawe yakadondoshwa, na Cherehani akapita zake.

Sasa tuje kwa mdogo wako.

Baba yenu alikuwa mwandika mabango, na nyote wawili mlikulia chini ya meza yake ya kazi mkichezea makopo. Mlipofikisha umri wa kushika kitu, wewe alikupa brashi laini, yeye akampa rula na uzi. Labda aliona mbali, labda ndivyo vilivyokuwa karibu na mkono wake siku hiyo. Marehemu hayupo tumwulize. Ukawa mchoraji, yeye akawa fundi wa herufi. Na ni fundi kweli, tusimpunje: mstari wake haujawahi kupinda, na nafasi baina ya herufi na herufi anaipima kwa jicho ikawa sawa. Kila ukuta uliochora tembo, maneno yaliyo chini yake ni ya mkono wake. HUYU NI JIRANI YAKO. HUYU NAYE ANA WATOTO. Lakini nani aliwahi kusimama njiani kushangaa herufi?

Alikuonea wivu. Tunalisema wazi kwa kuwa ametutuma tuliseme. Alikuonea wivu miaka kumi na miwili, tangu ukuta wa kwanza. Siku ya kuzindua picha ya zahanati, mgeni rasmi alikushika mkono akakutikisa mpaka kilemba kikalegea. Kisha akamgeukia yeye. "Na wewe?" "Mimi nimeandika maneno." "Aa, vizuri, vizuri," mgeni rasmi akasema, na kabla ya "vizuri" ya pili alikuwa ameshampa mgongo. Mtaani wewe ulikuwa Mama Tembo, yeye akawa mdogo wake Mama Tembo. Dukani hivyo, kwa msusi hivyo, hata kwenye kadi ya mwaliko wa harusi ya rafiki yake mwenyewe wakaandika hivyo.

"Hata siku nikifa," alikwambia jikoni, sote tukiwepo, "kaburini wataandika hapa amelala mdogo wake Mama Tembo."

"Basi nitangulie kufa mimi," ukamjibu, na kucheka umecheka, "wewe ubaki uniandikie. Maana nikibaki mimi nikuandikie wewe, kwa mwandiko wangu huu, watu watadhani ulikufa mlevi."

Tulicheka sote. Yeye alicheka pia, lakini alitoka nje kabla ya chai kwisha.

Siku ya mazishi yako watu walijaa mpaka barabarani. Watoto wa shule walikuja na masikio ya karatasi vichwani, na mama yenu alipoyaona alianza kulia upya. Mdogo wako alisimama kwenye kona ya kaburi, analia kama sote, na katikati ya kilio akajikuta anawaza wangekuja watu wangapi kama aliyelala pale angekuwa yeye. Ametuambia hivi kwa mdomo wake: "Shangazi, nilimwonea wivu dada yangu akiwa ndani ya jeneza." Shangazi yako alimkumbatia tu.

Uliacha ukuta wa shule haujakwisha. Bi Pengo, yule tembo jike uliyekuwa ukimchora, alikuwa amesimama pale mzima, mkonga, miguu, hata vinyweleo vya kidevuni, ila masikio hana. Watoto wakawa wanamwita Kipara. Mwalimu mkuu akaja kumhani mama yenu, na katika kuhani akataja kwamba kuna mchoraji mmoja wa mjini, msomi, mwenye shahada, yuko tayari kuja kummalizia.

Mdogo wako akaweka sahani chini. "Ukuta ule una wenyewe," akasema.

"Lakini wewe si ni mtu wa—"

"Mwalimu, nimesema una wenyewe. Nitamaliza mimi."

Kisha akaja afisa wa wanyamapori mpya, maana yule mwenzako alihamishwa. Akaomba lile daftari lako la masikio. Alieleza kwa adabu kabisa: picha walizonazo ofisini zimepigwa kwa mbali na ubavuni, masikio hayaonekani, na kazi yote ya kuwatambua tembo wa upande huu walikuwa wakikutegemea wewe. Mdogo wako akamwambia daftari halionekani. Akarudi mara ya pili, akajibiwa vilevile. Daftari lilikuwa kwenye sanduku la nguo zake, chini kabisa, limefungwa kwenye kanga.

Kwa nini? Mwenyewe anasema kila mtu alikuwa ameshapata kipande chake cha dada, mjini kote, na yeye alitaka kimoja kiwe chake peke yake. Halafu alipobanwa na mama yenu akasema ukweli uliobaki. Alitaka masikio ya Bi Pengo yapite mikononi mwake tu, ili safari hii watu wamsifu yeye.

Sasa, kuchora kwa mkono mtupu kama wewe hawezi, naye anajua. Akafanya kama anavyofanya herufi kubwa. Alichukua ukurasa wa Bi Pengo, akaukuza kwa miraba kwenye karatasi pana, masikio yote mawili yakiwa yamekunjuliwa kushoto na kulia. Akatoboa mistari yote kwa sindano, tundu kwa tundu. Ukishatoboa hivyo unaibandika karatasi ukutani, unaipigapiga na kifuko cha unga wa mkaa, na ukiibandua mchoro wote umebaki kwa vidoti vyeusi. Alifanya kazi siku tisa. Mgongo ulimwuma, kucha zikaingia rangi ya kijivu isiyotoka. Alipomaliza, shule nzima ilitoka nje, na mwalimu mkuu akasema mbele ya watu, "Jamani, huyu amemfikia dada yake!" Mama mmoja wa pale jirani akaongeza, "Amempita!"

Mwenzetu, hukumwona jioni ile. Alirudi nyumbani anatembea katikati ya njia. Alikula sahani mbili.

Wiki ya pili alilifungua daftari kujifurahisha tu, apime kazi yake na yako. Akatazama. Akaligeuza daftari, akatazama tena. Pengo la Bi Pengo, lile pengo kubwa lililompa jina, liko sikio la kushoto la tembo mwenyewe. Ukutani lilikuwa la kulia. Aliibandika karatasi kinyumenyume, upande wa nyuma ukawa mbele. Na kosa kama hilo lisingempata mwingine ila yeye, kwa sababu fundi wa herufi hana woga wa kugeuza karatasi. Herufi ikigeuka anaiona hapohapo, inapiga kelele yenyewe. Sikio likigeuka linabaki sikio.

Ungekuwepo ungeliona ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Sisi wengine tulipita pale miezi minne tukilisifia.

Naye akanyamaza. Alijiambia ni picha tu ukutani, inamdhuru nani? Alijiambia atalirekebisha likizo ya shule ikifika. Likizo ikafika ikapita. Kila alipopanga kuchukua ngazi alimsikia yule mama akisema amempita, na ngazi ikabaki pale pale uani.

Mahindi yalipokomaa, tembo akaingia shamba la mjane mmoja karibu na mto. Aliingia asubuhi kweupe, bila hata haya, akala nusu ya shamba na nusu nyingine akaikanyaga. Yule mjane alikuwa amesimama mlangoni kwake na mwiko mkononi. Alimwona tembo uso kwa uso. Watu wakachemka, na mkutano ukaitwa shuleni, darasa la tatu, watu wazima tumekaa kwenye viti vya watoto magoti yako kidevuni.

"Nimemwona kwa macho yangu haya," mjane akasema. "Ana pengo kubwa sikio la kulia. Huyo huyo mliyemchora hapo nje mnamchekea kila siku!"

Afisa akatoka, akautazama ukuta, akarudi. Alikuwa kijana mwenye huruma, lakini sheria anaijua. Alieleza kwamba kibali cha kumpiga risasi tembo msumbufu humtaja tembo mmoja kwa alama zake, na alama ikithibitishwa kibali hutoka. Akauliza kama kuna anayeipinga alama. Watu walitazamana. Walimpenda Bi Pengo, lakini shamba la watu limeliwa, na shahidi yuko mbele yao. Mzee mmoja akasema kwa huzuni, "Mkorofi ni mkorofi, hata ukimjua jina." Afisa akafungua kalamu.

Mdogo wako alikuwa kiti cha mwisho, karibu na dirisha. Ametuambia alichowaza, nasi tunakwambia bila kupunguza. Aliwaza kwamba akinyamaza, Bi Pengo atauawa kwa kosa lisilo lake, tena Bi Pengo ana ndama. Akaona pia kwamba akinyamaza hakuna atakayejua maisha. Watasema masikini, na masikio yale yatabaki ukutani yakisifiwa kuwa kazi yake bora. Na kwamba akisema, ile sifa moja aliyowahi kuipata maishani inaondoka leo, mbele ya watu walewale waliompa. Anasema alikaa kimya mpaka afisa akaandika tarehe. Anakuomba radhi kwa muda huo.

Kisha akasimama, na kile kiti cha mtoto kikasimama naye, kimemng'ang'ania. Watoto waliokuwa wanachungulia dirishani wakacheka.

"Afisa, weka kalamu chini," akasema. "Yule wa ukutani si Bi Pengo."

"Ni nani basi?"

"Si mtu. Hayupo tembo kama yule. Nimemtengeneza mimi."

Akaeleza mambo ya karatasi, sindano na mkaa. Mwanzoni hawakumwelewa, ikabidi achane karatasi ya daftari la mwanafunzi, aitoboe kwa pini ya kilemba, awaonyeshe mbele na nyuma.

"Lakini si tulikupongeza hapa hapa?" mwalimu mkuu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Mlinipongeza kwa kosa, mwalimu. Nikalijua, nikanyamaza, kwa sababu pongezi zilikuwa tamu."

Afisa akamwuliza anathibitishaje. Akasema kwa daftari la dada. "Si uliniambia halionekani?" "Nilikudanganya. Nilikuwa nalionea wivu." Akakivua kile kiti, akatoka mbio kwenda nyumbani na kurudi, na viatu alivisahau huko.

Daftari lako likafunguliwa juu ya meza ya mwalimu. Watu walisukumana. Bi Pengo, pengo kushoto, yupo, na umemwandika mara saba, kila mara na tarehe yake, kwa miaka sita. Afisa akaendelea kufunua, na karibu na mwisho akamkuta dume changa, pengo la kulia, umemchora mara moja tu na chini yake umeandika kwa ule mwandiko wako wa kilevi: "Huyu bado sijamjua." Mjane akasogeza uso karibu na karatasi. "Eee! Ndiye huyu! Mtazameni macho yake!"

Wengine wakasema basi kibali kiandikwe upya kwa alama za huyu. Afisa akasema hawezi kumwua mnyama aliyefanya kosa mara moja, kijana ambaye hata ofisi haijamjua. Atafukuzwa kwanza kwa kelele za mabati, na mto utalindwa kwa zamu. Mjane alikasirika, na ana haki. Alisema mahindi yaliyoliwa ni yake, si ya daftari. Watu waliona haya, na hapo hapo zikapatikana zamu za kumlindia na mikono ya kumlimia upya. Mdogo wako alijiandikisha zamu tatu.

"Na jina mpeni," mjane akasema akiondoka. "Siwezi kumtukana mtu asiye na jina. Mwiteni Mkorofi."

Alipotoka nje mdogo wako alitegemea kuzomewa. Badala yake mzee mmoja akamshika bega na kusema kwa sauti kubwa, "Moyo huu ni wa dada yake huyu! Damu ya Mama Tembo!" Watu wakaitikia. Alikuja nyumbani amekasirika. "Hata kukiri kwangu," akatuambia, "hata aibu yangu, wamempa yeye!" Shangazi yako alicheka mpaka akashika ukuta, na mdogo wako akamnunia siku mbili.

Masikio aliyakwangua yote, akaanza upya. Sasa pengo liko kushoto. Si masikio yako, tusidanganyane. Yana ukakasi, mishipa imenyooka mno, unaiona kabisa rula ndani yake. Lakini ni ya Bi Pengo. Afisa ndiye anayelitumia daftari siku hizi, na kila ukurasa mdogo wako ameuandikia jina upya kwa herufi zinazosomeka.

Kisha, mwezi uliopita, mjane akamtumia ujumbe. Anataka Mkorofi achorwe kwenye ukuta wa nyumba yake, ule unaotazama barabara, ili amseme kila asubuhi kabla hajanawa uso. Mdogo wako akamwambia kwa kuchora yeye ni hivihivi tu. "Nani amekuambia nataka kuchorewa vizuri?" mjane akamkatiza. "Tembo mweke pembeni huko, mdogo, kama mbuzi. Mimi nataka maneno. Yawe makubwa kuliko yeye, ayaone kutoka ng'ambo ya mto."

Akamwandikia. Ukuta mzima, herufi nyekundu za urefu wa mtu: MKOROFI, NAKUONA. Na kwenye kona, tembo mdogo mwenye pengo kulia, anatazama chini kwa aibu.

Watu wanasimama, binti yetu. Wanasimama barabarani wanasoma kwa sauti, wanacheka, wanamwita mwenzao aje asome. Watoto wanaotoka shule wanapeleka habari kwa mjane kwamba Mkorofi ameonekana bondeni leo, Mkorofi ameoga, na mjane anajifanya hataki kusikia na anauliza, "Amekonda?" Siku ya kumaliza kazi, dereva mmoja wa lori alizima injini katikati ya njia, akashuka, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ile K ya kwanza, iliyokwisha kukauka. Tembo hata hakumtazama. "Hizi ni za mashine?" akauliza.

"Za mkono," mdogo wako akasema.

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Yule dereva si mtu wa huku. Hakujui, hajawahi kukusikia. Alimtazama mdogo wako usoni, akamwambia hajaona herufi kama zile tangu azaliwe, akamwuliza anaitwa nani, na alipotajiwa jina akalirudia ili asilisahau.

Mdogo wako hakusubiri rangi ikauke. Alibeba ndoo, akaja na njia mbio mbio, akapita nyumbani kwake, akapita kwa mama yenu aliyekuwa kibarazani na hakumsalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana yako, akasukuma mlango, na mdomo alikuwa ameshaufungua: "Dada! Njoo uone! Leo utaumwa na roho!"

Mumeo ndiye aliyemkuta pale, amekaa sakafuni. Akadhani kuna mtu amemtukana. Mdogo wako akamwambia, "Shemeji, nilitaka anionee wivu. Siku moja tu. Sina mwingine ninayetaka anionee."

Basi tumekwambia. Mama yako, mumeo, wanao wawili, shangazi yako huyu, na majirani wa kuta zote ulizozichora, hatutaacha kukukumbuka. Mdogo wako anasema yeye tumwandike kwa jina lake mwenyewe, siyo mdogo wa mtu. Kisha mumeo alipoweka kalamu aliandike jina hilo, mdogo wako akamshika mkono, akafikiri kidogo, akasema, "Hapana. Andika mdogo wake."